Mlango Uliopigwa Msasa

Namba iliandikwa Jumanne asubuhi, ikafutika Jumamosi mchana. Aliyeifuta hakuwa adui wala mvua. Alikuwa baba wa nyumba hiyohiyo, kwa mikono yake miwili, kwa nia njema, na kwa ufundi uleule anaolipiwa na watu wa magorofani.

Siku ya kuandikwa, Mama Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amewaomba wateja wake wa ghorofa ya tatu wamvumilie hadi saa nne, nao wakamvumilia kwa kumkata nusu ya malipo ya siku. Karani alikuja na kitabu kirefu kwapani, kopo la rangi nyekundu, na brashi iliyobaki nywele za kuhesabu. Hakupiga hodi. Alianza kuandika, ndipo akasalimia.

"Hamjambo. Mko wangapi humu?"

"Wanne. Mimi, mume wangu, mama mkwe na binti yetu."

Karani akaandika 4 kitabuni na 214 mlangoni. Namba ilijaa ubao mzima. Mbili ilikaa kama mtu mwenye kiuno kibovu, moja ikaegemea upande, na nne ikachirizika mpaka kwenye bawaba ya chini.

"Sikiliza, mama. Jumatatu ijayo narudi na kadi. Namba ya mlangoni ikilingana na ya kitabuni, mnapata kadi. Mwenye kadi anapewa kiwanja kule mnakohamishiwa. Asiye na kadi, siku ya tingatinga ajue pa kwenda."

"Majina yetu huandiki?"

"Mwaka juzi waliandika majina. Mtu mmoja akatokea na majina sita, akachukua viwanja sita. Safari hii tunahesabu milango." Akafunga kopo kwa kiganja. "Mtu asiiguse hiyo."

Mama Dobi hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alimweleza mama mkwe wake, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu kiasi cha kuona mwanga tu, kisha akashika njia kwenda kufua. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa mbali mpaka Jumamosi kwenye kazi ya kupaka nyumba ya wageni, na simu yake ilikuwa na tabia ya kuzimika kila inapohitajika. Binti hakuambiwa kitu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa mama yake mambo ya karatasi za serikali hayakuwa ya watoto.

Lakini binti ndiye aliyeumizwa na namba kwanza. Barabara ya kwenda shule ilipita juu ya mtaa wao, na kutoka pale milango yote ilionekana, imepangika chini na wekundu wake kama ng'ombe waliopigwa chapa. Watoto wa magorofani walisimama pale wakasoma. Kufika Jumatano alasiri, darasani hakuwa tena na jina.

"Mia Mbili Kumi na Nne, mwalimu anakuita."

"Mia Mbili Kumi na Nne, umeacha kalamu."

Alhamisi ikanyesha. Rangi ya serikali ilikuwa ya maji, tena imeongezwa maji mengine, na kwenye milango mingi ikapauka mpaka mtu ainame ndipo asome. Mlango wa Mama Dobi ulisalimika kwa sababu Fundi alikuwa ameongeza kipande cha bati juu yake mwaka uliopita. Yeye ndiye pekee mtaani aliyepaka nyumba ya mabati kama watu wapakavyo nyumba ya matofali.

*

Jumamosi Mama Dobi alirudi saa tisa, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Alipokata kona akaona mlango wa kijani. Kijani kizito, kinachong'aa, hakuna hata unywele wa brashi ulioganda. Akadhani amekosea kona. Kisha akamwona mumewe amechuchumaa mbele yake, anafuta kingo kwa kitambaa, na binti yao amesimama pembeni anacheka. Alikuwa hajacheka tangu Jumanne.

"Karibu nyumbani, mama watoto," Fundi akasema. "Usishike, haijakauka."

"Namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Baba huyu! Namba iliyokuwa mlangoni!"

"Ah, ile takataka?" Fundi akainuka, magoti yakalia. "Nimeitoa. Mtu mzima anaandika namba mpaka inachirizika hata haoni aibu kufuta? Watoto wa watu wanamcheka binti yangu njiani. Nimepiga msasa, nikapiga praima ya kushikia rangi, nikapaka mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Hii ni rangi ya geti la benki, usiichezee."

Mama Dobi akaketi juu ya ndoo iliyoinamishwa. Hakupiga kelele. Alimweleza yote kwa sauti ya chini, moja baada ya jingine, kama anayesoma bei sokoni: milango, kitabu, Jumatatu, kadi, kiwanja, tingatinga. Fundi alisikiliza na kitambaa mkononi. Binti aliacha kucheka katikati ya maelezo, akaingia ndani.

"Mama," Fundi akaita kuelekea ndani, "wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua," bibi akajibu kutoka kitandani. "Nikasikia msasa. Nikakuuliza unafanya nini, ukasema unatengeneza mlango. Nami nikasema tengeneza, maana unakwaruza chini siku nyingi. Ningejuaje kwamba unatengeneza juu?"

"Kila mwaka wanakuja kuchora," Fundi akajitetea. "Mwaka jana alama ya msalaba, mwaka juzi herufi. Hakuna kilichotokea hata siku moja."

"Mwaka huu limekuja tingatinga," mkewe akasema. "Limeegeshwa nyuma ya kituo cha maji. Umepita karibu nalo leo asubuhi."

Fundi alikuwa ameliona. Alikuwa hata amewaza kwamba rangi yake ya njano imepakwa vibaya.

*

Jumapili Mama Dobi aliamka na uamuzi.

"Andika."

"Si kosa hilo?"

"Kosa ni kuandika ya mtu mwingine. Hii ni yetu. Andika mia mbili kumi na nne, tukae kimya."

Fundi akaleta kikopo kidogo cha rangi nyekundu ya mafuta, brashi ya herufi, chaki, na uzi. Akapigilia msumari mdogo kila upande na kuvuta uzi.

"Uzi wa nini?"

"Napima."

"Karani hakupima."

"Ndiyo maana ilikuwa mbovu."

"Basi na wewe iandike mbovu!"

Alijaribu. Alichukua kipande cha boksi akaandika mbili, ikatoka imenyooka shingo, tumbo la kadiri, mguu sawa. Akaandika nyingine, akiutetemesha mkono kwa makusudi. Ikatoka nzuri zaidi, kama imeandikwa kwa madoido.

"Mkono unakataa," akasema.

"Upe brashi mkono wa kushoto," bibi akashauri kutoka ndani.

Akahamisha brashi. Lakini mtu aliyepaka dari za watu miaka kumi na tano amezoea kubadilisha mikono kila bega linapochoka. Mbili ya kushoto ikawa pacha wa mbili ya kulia. Mama Dobi, ambaye hakuwa na hamu ya kucheka, akacheka.

"Andika tu," akasema. "Huenda hatatazama."

Akamwacha akichovya brashi, akaenda kupanga foleni ya maji. Foleni ile ilichukua saa mbili, na saa mbili zinatosha majirani kuona jambo. Wa kwanza kufika alikuwa muuza mkaa wa mlango wa kulia, mwanamke mjane mwenye watoto watano.

"Fundi, mikono yako imebarikiwa! Tazama yangu, mvua imeilamba. Kesho karani atasoma nini? Nipitishie na mimi."

Kisha kinyozi wa mlango wa kushoto. Kisha fundi viatu, mlango unaofuata wa muuza mkaa. Fundi hakujua kukataa, na rangi ilikuwepo. Aliipitia kila namba juu ya ile iliyopauka, akiinyoosha palipopinda, akifuta kila mchirizi kwa kitambaa kabla haujafika chini.

Mama Dobi aliporudi na ndoo kichwani, milango minne ilimtazama kwa mwandiko wa mkono mmoja: 213, 214, 215, 216. Namba za kupendeza, kama za hoteli.

Akatua ndoo. "Nani alikutuma uguse za watu?"

"Wameomba. Ni majirani."

"Ya kwetu peke yake ilikuwa siri. Sasa ni maonyesho."

*

Jumatatu karani alikuja saa tisa alasiri, na mwenyekiti wa mtaa na askari wawili. Kundi la watu lilimfuata kutoka mlango hadi mlango. Mahali pengine aliinama, akapangusa vumbi, akasoma namba yake iliyopauka, akaitikia kwa kichwa na kutoa kadi. Fundi hakwenda kazini. Mama Dobi naye aliwapigia wateja wa ghorofa ya tatu kuwaambia ana dharura, wakamwambia watamtafuta mtu asiye na dharura.

Alipofika kwa kinyozi, karani alisimama. Akatazama mlango wa pili, wa tatu, wa nne. Akarudi nyuma hatua mbili ili aione yote kwa pamoja.

"Nani ameandika hizi?"

Kinyozi akamtazama Fundi.

"Nauliza kwa sababu mimi siwezi kuandika hivi hata nikilipwa mara mbili." Watu wakacheka kidogo, yeye hakucheka. "Kule bondeni wiki iliyopita mlango mmoja ulizaa milango mitatu. Kuna mtu alikuwa anauza namba. Nimefuta nyumba kumi na moja. Sasa hapa naona mkono mmoja, milango minne. Mwenyekiti, unawajua hawa?"

Mwenyekiti akazungusha kijiti mdomoni. "Watu nawajua. Namba siwezi kuzisemea."

"Mimi sijaandika," kinyozi akasema haraka. "Kaandika Fundi."

"Aliombwa!" muuza mkaa akamrukia. "Mnafiki we! Ulisimama hapa hapa ukimwambia anyooshe ile tatu yako!"

"Hata akiombwa," karani akasema, akafungua kitabu na kutoa kalamu, "namba iliyoandikwa na asiye karani ni namba ya kughushi. Nafuta minne yote. Mtakata rufaa."

Muuza mkaa akakaa juu ya gunia lake. Hakulia. Alianza kuwahesabu watoto wake kwa sauti ya chini.

Fundi akakohoa. "Bwana karani. Rangi yako ni ya maji. Yangu ni ya mafuta, tena ya jana, haijashika. Petroli inatoa ya mafuta, ya maji haiigusi. Nikifuta yangu kwa petroli, yako itaonekana chini."

Karani akasimamisha kalamu. "Una hakika?"

"Hiyo ndiyo kazi yangu."

Mama Dobi alikuwa amesimama karibu naye. Alimvuta mkono wa shati, akasema bila kumtazama, "Na wetu?"

"Wetu nilipiga msasa."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye mbao."

"Kwa nini mpaka kwenye mbao?"

"Rangi haishiki juu ya uchafu, mke wangu. Inabanduka."

Mama Dobi akaelewa hesabu yote kabla petroli haijamwagwa. Wakinyamaza, watakuwa nyumba nne zilizofutwa pamoja, na watu wanne wakienda ofisini kupiga kelele, wawili kati yao wanaume wenye midomo, huenda wakasikilizwa. Fundi akifuta, watatu watapata kadi zao na nyumba moja itabaki uchi mbele ya mtaa mzima. Mumewe alikuwa ameshaliona hilo. Alikuwa anangoja aambiwe.

Akamtazama muuza mkaa. Alikuwa amefika mtoto wa tano, na alikuwa anaanza tena na wa kwanza.

"Wafutie," Mama Dobi akasema.

Kinyozi alikuwa na petroli ya kusafishia mashine zake, akaileta mwenyewe, mbio. Fundi akalowesha kitambaa. Kwenye 213 aliminya polepole, akizungusha mkono, na namba nzuri ikayeyuka na kushuka kama damu. Chini yake ikatokea nyingine, imepauka, imepinda, tatu yake ina kibyongo.

"Huo ndio mkono wangu," karani akasema, na safari hii hata yeye akatabasamu. Watu wakapiga makofi.

215 ikatokea. 216 ikatokea, na mchirizi wake. Kadi tatu zikatoka mfukoni.

Kisha wote wakageukia mlango wa kijani. Fundi alipitisha kitambaa kama alivyopitisha kwa wengine, kwa uangalifu uleule, wala hakuharakisha. Nyekundu ikatoka, kijani kikatoka, praima nyeupe ikatoka. Chini yake ikatokea mbao safi, nyororo, rangi ya mkate, bila doa. Akaendelea kufuta mbao ile kwa muda, ingawa hapakuwa na kitu cha kufuta.

"Kazi safi," karani akasema. Hakuwa anakejeli.

"Bwana karani," Mama Dobi akaanza, "huyu ni mia mbili kumi na tatu. Yule ni mia mbili kumi na tano. Sisi tulio katikati ni nani?"

"Mama, najua unachosema."

"Kama unajua, sema. Ulisimama hapa Jumanne. Ukaniuliza tuko wangapi, nikakwambia wanne. Fungua kitabu."

"Kitabu kina watu wanne, ni kweli. Lakini mwenye namba anaweza kuuza mlango wake na kwenda zake, wengine wakaingia mahali pake. Imetokea kule bondeni. Nimeona milango mia tatu wiki ile. Ukiniuliza kama nakukumbuka, nitakwambia sikukumbuki."

Alisema bila ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Mama Dobi kuliko yote. Yeye alikuwa anamkumbuka karani mpaka kifungo kilichokatika kwenye shati lake.

"Nafanya hivi," karani akaendelea. Akachukua kopo lake, akachovya ile brashi yake mbovu, na kwenye mbao iliyo wazi akaandika herufi R, kubwa, imeinama mbele kama inayoanguka. "Rufaa. Ijumaa ya wiki ijayo, ofisini, saa mbili. Uje na karatasi ya mashahidi wawili wenye kadi, waiwekee sahihi hapa sasa hivi kwamba mliishi humu kabla ya kuhesabiwa."

"Na tingatinga?"

"Tarehe thelathini."

"Rufaa ikichelewa kujibiwa?"

"Wewe usichelewe, mama. Hilo ndilo lililo mkononi mwako."

Mama Dobi akamgeukia kinyozi. Miaka tisa walikuwa wamegawana ukuta mmoja, mpaka walijuana kukoroma.

"Jirani," kinyozi akasema, akitazama kadi yake, "hii ndiyo kwanza nimeishika. Nikianza kuandika andika tena, sijui... Nielewe." Akaingia ndani. Walimsikia akifunga komeo mchana kweupe.

Muuza mkaa aliinuka kwenye gunia. Karani akamsogezea kidau cha wino, lakini kidole gumba chake kilikuwa cheusi tayari. Alikibandika kwenye karatasi kikaacha alama nzuri kuliko ya wino.

Akabaki fundi viatu. Alikuna shingo.

"Nikishuhudia, ya kwangu haitaguswa?"

"Haitaguswa," karani akasema.

"Una hakika?"

"Hakika ya karani."

"Hiyo si kubwa," fundi viatu akasema, akaandika jina lake hata hivyo, akitumia muda mrefu kwenye kila herufi.

*

Jioni mawingu yalijikusanya upande wa magorofa. Mama Dobi alitoka nje, akapapasa mbao iliyokuwa wazi.

"Hii ikilowa itavimba," akasema. "Mlango tutauhitaji popote tutakapokwenda. Paka kabla haijanyesha."

"Kijani kimebaki kidogo."

"Paka kitakapofika. Pale kwenye R uruke."

Fundi akapaka. Akazunguka ile herufi, akiacha pembeni yake nafasi ya upana wa kiganja. Binti alirudi kutoka shule akakuta wote watatu wako nje, bibi ameletewa kiti asikilize brashi.

"R ni ya nini?"

"Rufaa," mama yake akasema.

"Kesho wataniita R."

"Wakikuita, itika."

Binti akafikiri, akaweka mkoba chini, akashika kopo ili baba yake asiiname kila mara.

Rangi ya karani, iliyojaa maji kama kawaida yake, ilikuwa bado inatembea. Kutoka kwenye mguu wa R tone moja lilijivuta, likanenepa, likaanza kuteremka, likavuka ile nafasi ya kiganja na kuingia kwenye kijani kibichi. Fundi aliliona. Kitambaa kilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa umeshainuka.

"Usiguse," Mama Dobi akasema.

"Sijagusa."

Alilitazama tone likishuka mpaka kwenye bawaba. Kisha akakunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni, na kuushikilia mfuko kwa nje.